Haki ya Mbwa na ya Mwokozi

Enyi ndugu zetu, tarehe 6 Februari 2023 ardhi ilitetemeka Uturuki. Wakaja waokozi kutoka Meksiko na mbwa wao, kuwatafuta Waislamu waliofukiwa na vifusi. Mmoja wa mbwa hao, jina lake Proteo, alifia kazini. Je, tumdharau kwa kuwa ni najisi? Najisi yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ama dhuluma haioshwi kwa maji. Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa mtu alisamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Basi mbwa atuokoaye ana haki ya maji, kivuli na mapumziko. Na mwokozi aliyefukua maiti kwa mikono yake asiachwe peke yake na majonzi. Wallahu aalam.