Unyevu Chini ya Lundo

Katika Hadith aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema kimenyeshewa. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu watu wakione.

Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu. Macho hayaioni, kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya.

Leo upo ukanda wa kupimia wenye chembe za dhahabu, ndogo mno hata dhahabu yenyewe huonekana nyekundu. Mahindi husagwa, hukorogwa kwenye maji maalumu, ukanda hutumbukizwa. Ndani ya dakika chache, mstari wa kipimo ukififia, sumu ipo. Anayekwepa kupima ili asijue, naye kaficha. Ijumaa hii tuwaulize wenye maghala tunaoswali nao: mnapima?