Karani Asiye na Jina

Sisi tuliosimuliwa Fumo Liyongo utotoni tunajua shujaa anavyokufa. Anachomwa sindano ya shaba kitovuni na kijana wa damu yake, anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anapachika mshale kwenye upinde na kukata roho akiwa vilevile. Siku zinapita na hakuna mtu wa mji anayethubutu kwenda kuteka maji. Ushujaa wa namna hii hukamilishwa na macho ya watu. Mji mzima unamtazama, na yeye mwenyewe hana shaka kwamba ndiye Liyongo.

Je, asiyetazamwa na mtu tumwiteje?

Mwaka 1968 Ayi Kwei Armah wa Ghana alitoa riwaya ambayo baadaye Abdilatif Abdalla, aliyekuwa amefungwa kwa waraka wake Kenya: Twendapi?, aliitafsiri kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Mhusika mkuu ni karani wa reli. Hana jina, ni mtu, basi. Mfanyabiashara wa mbao anamjia na noti ili apatiwe mabehewa ya kubebea magogo yake, naye anakataa. Hatoi hotuba. Anakataa, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu.

Penye udhia penyeza rupia, tunaambiana, na mkono mtupu haulambwi. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi, faili langu limefungwa kamba na kusukumwa pembeni, nikaingiza mkono mfukoni. Sikujiona mwovu. Nilijiona mtu mzima anayejua dunia inavyokwenda. Ndiyo maana karani huyu ananiumiza: anavyotazamwa na watu wake ndivyo ambavyo ningemtazama mimi. Mkewe, Oyo, anamfananisha na chichidodo, ndege anayechukia kinyesi kuliko kitu chochote, lakini chakula chake ni funza wanaokua humohumo kinyesini.

Mwandishi Chinua Achebe hakuipenda riwaya hii. Aliiona ni ya kigonjwa, imeazima ukiwa wa Ulaya na kuivika Ghana. Namheshimu Achebe, ila hapa naona alimtafuta shujaa mahali ambapo Armah hakumweka. Ni kweli karani hapigani na mtu. Hata kukataa kwake hakuna utulivu, kwa sababu gharama yake wanailipa watoto ambao hawakuulizwa. Yeye mwenyewe hana hakika kama alilo nalo ni uadilifu au ni woga tu, au pengine ni dhuluma kwa familia yake. Liyongo alijijua. Huyu hajijui, wala hakuna sauti ya kumthibitishia, na kesho asubuhi anakwenda tena kazini na kukataa tena. Kwangu mimi ujasiri huo ni mgumu kuliko wa upinde. Anayepigana kisimani ana adui mbele yake. Karani ana watu anaowapenda, na kila mmoja ana hoja nzuri.

Kisha unakuja mwezi Februari 1966, serikali ya Nkrumah, rais wa Ghana, inapinduliwa, na Koomson, rafiki yake wa zamani aliyetajirika katika siasa, anamkimbilia akitetemeka. Askari wako mlangoni. Njia iliyobaki ni tundu la choo cha ndoo, lile wanalopitishia ndoo wazoa kinyesi usiku. Koomson aliyenenepa kwa anasa anakwama. Karani anamsukuma kwa nguvu zake zote mpaka anapenya, halafu na yeye anapita humohumo. Hakuna aliyemlazimisha. Mtu aliyeitwa chichidodo anaingia katika uchafu alioukwepa maisha yake yote, na hachukui humo hata funza mmoja. Anachookoa ni roho ya mtu asiyemstahi.

Kabla hawajatoroka, Oyo alikuwa amemwambia mumewe kuwa anafurahi hakuwa kama Koomson. Ni hilo tu analopata.

Asubuhi, baada ya kumfikisha Koomson kwenye mashua ya kutorokea, karani amesimama kando ya barabara. Basi dogo linasimamishwa na polisi. Dereva anatoa leseni yake, noti imekunjwa ndani yake, na polisi analiruhusu lipite. Serikali mpya haijamaliza hata wiki. Karani anaona yote. Halafu anashika njia ya nyumbani, polepole, ambako Oyo na watoto wanamngoja, na ya ofisini, ambako magogo bado yanangoja mabehewa.