Jeraha la Nafsi na Tiba ya Macho

Swali hili nililetewa baada ya darsa ya Alasiri hapa Runzewe. Kijana wa machimboni alifukuliwa hai kwenye kifusi, mwenzake akabaki chini. Usiku halali. Nduguye aliye Muscat amemwambia iko tiba ya kufuatisha macho, ambayo mtaalamu aliye mbali huifanya kwa simu ya picha. Je, ni halali? Kisha, kwa sauti ndogo, akauliza la pili: akiponywa hofu hii, hatakuwa amemsaliti mwenzake?

La kwanza nililijibu upesi. La pili lilinichukua siku nyingi.

Tiba hiyo aliianzisha bibi wa Kimarekani, Francine Shapiro, mwaka 1987. Mgonjwa hulileta moyoni lile tukio huku macho yakifuata mkono wa mtabibu, au alama kwenye kioo cha simu, kushoto na kulia. Wataalamu wangali wakibishana ni kwa nini inafaa. Wengi husema akili haiwezi kubeba mambo mawili kwa nguvu ile ile, basi kumbukumbu hupungua ukali. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wakubwa na watoto. Hapana hirizi ndani yake wala kuomba asiyekuwa Mungu. Nasi tumeamrishwa na Mtume (s.a.w.) kujitibu.

Wako wasemao kwamba kijana ana jini, au imani yake ni haba. Hao sikubaliani nao kabisa. Mwaka 2015 huko Nyangarata, wilaya ya Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa mende na vyura. Nani kati yetu angethubutu kuwapima imani? Nabii Musa (a.s.) alipoona fimbo yake imekuwa nyoka alikimbia. Mtume wetu alirudi kutoka Hira akitetemeka, na Bibi Khadija alimfunika kwanza mpaka hofu ikamtoka, ndipo yakaja maneno ya kumliwaza na safari ya kwa Waraqa. Sisi huanza na mawaidha, na shuka tukaisahau. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuuchunga mwili pamoja na nafsi. Jambo hili si geni kwetu.

Ama usaliti. Kijana anadhani maumivu yake ndiyo uaminifu wake, na kwamba akilala usingizi mwema basi rafiki amezikwa mara ya pili. Lakini maiti anahitaji nini kwetu? Dua, sadaka, kulipiwa deni, wanawe kutazamwa. Mtu anayeshtuka kila mlango ukigongwa, asiyeweza hata kupita njia ya nyumba ya marehemu, hayo atayatimiza vipi? Mtume hakumsahau Khadija baada ya kufa; alikuwa akichinja mbuzi na kuwapelekea nyama rafiki zake. Huko ndiko kukumbuka. Na tiba hii, kwa walivyoieleza wenyewe, haifuti tukio. Hulitoa mwiba tu.

Walakini nilimwonya. Ziko programu za simu zinazokuonyesha nukta ikitembea, ujitibu peke yako. Tiba yenyewe ina hatua nane, na za mwanzo ni kumjua mgonjwa na kumwandaa jinsi ya kutulia. Anayeruka hizo hufungua kidonda bila wa kukifunga. Basi na awe mtaalamu aliyesomea, anayetunza siri, na wapatane mapema nini kifanyike mtandao ukikatika katikati, maana kwetu hukatika.

Ada ilikuwa kubwa kwa mchimbaji. Nduguye alitoa nusu, jamaa wa msikitini wakachanga iliyobaki. Kwao hakuna faragha, hivyo anakaa chumba cha madrasa watoto wakishaondoka. Mimi huketi kwenye benchi la nje, nikizuia wapitao wasibishe hodi.