Maji yakishuka, udongo uliobaki ni wa nani?

Maji ya Tanganyika yalipoingia katika nyumba za watu huko Kalemie na Uvira, mwaka 2021 kisha tena 2024, wengi walilia: « Ziwa limetunyang'anya lupango! » Lakini tujiulize: je, ni ziwa lilichukua yetu, ama ni sisi tulijenga katika yake?

Shahidi muzee ni udongo wenyewe. Mto ukifika ziwani, unaangusha mchanga muzito pale pale kando. Potopoto nyepesi inaenda kulala mbali, katika maji marefu. Ziwa likipanda, kando inasogea inchi kavu, na potopoto inafunika mchanga wa zamani. Likishuka, mchanga unarudi juu ya potopoto. Ni vile tabaka zinapangana, na baada ya miaka mingi sana zinakuwa jiwe. Bahari nayo inafanya vile vile. Mwenye kujua kusoma tabaka hizo anajua maji yalifika wapi.

Miaka 20.000 hivi iliyopita, ziwa letu lilikuwa chini kwa zaidi ya mita 200. Mwaka 1876 Stanley alikuta mulango wa Lukuga umezibwa. Karibu na 1878 maji yakajifungulia njia, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Mwaka 1964 likapanda tena. Basi, lini lilituahidi kwamba litakaa pahali pamoja?

Sasa kosa ni la nani? Mimi siwezi kumuhukumu mama aliyekimbia vita, akanunua pahali pa bei ndogo, bila mutu kumwambia kitu. Yule aliyeuza, na wazee wake walimuonyesha pale maji yalifika, huyo ana deni. Na sisi tuliojua tukanyamaza, tuna deni pia.

Kwetu, muzee anatembeza watoto shambani ili wajue mipaka, juu asipofanya vile watapigana akisha kufa. Mipaka ya ziwa nayo ni ya kuonyeshwa. Jiwe linachunga habari yote, lakini halina kinywa. Maji yakishuka, tupeleke watoto pale yalifika mwaka 2024, tuwaambie: « Hapa tulime, lakini tusijenge. » Udongo ule ziwa limetuazima tu.