Ukitumwa Kumwaga Damu

Vijana wangu wa Ngara, nyinyi mnaopanga mitumba Fig Tree na mnaoita abiria Barabara ya Murang'a, nawaomba mnipe sikio. Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na wenye pesa wataanza kuwatafuta. Juni 17, 2025 tuliwaona vijana wa rika lenu wakiingia katikati ya jiji kwa pikipiki, wakiwa na marungu na mijeledi, wakiwacharaza waandamanaji. Kijana wa namna hiyo hujiliwaza kwamba ametumwa tu, dhambi ni ya aliyemtuma. Neno hilo linanitisha kuliko rungu lenyewe.

Wengi wenu mmesikia habari za Macbeth, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Watu hubishana ni nani hasa aliyemuua Mfalme Duncan. Wapo wanaowalaumu wachawi, wapo wanaomlaumu mke wa Macbeth. Lakini wachawi walisema Macbeth atakuwa mfalme, hawakusema aue. Mke alimwita mwoga, akawalewesha walinzi, akawapaka damu ili walaumiwe wao. Hatia yake ni kubwa, na ilimnyima raha hata usingizini mpaka ikammaliza. Hata hivyo, Macbeth alikuwa amekwisha kujiambia mwenyewe kwamba Duncan ni jamaa yake, ni mfalme wake, na usiku ule ni mgeni wake. Aliyajua yote hayo, kisha akaingia chumbani na kisu. Hatia si posho ya kugawana: mchochezi akibeba yake, ya muuaji haipungui.

Wale walinzi waliuawa kesho yake asubuhi, kabla hawajaulizwa lolote. Banquo, rafiki wa Macbeth, alimshuku, lakini akanyamaza, kwa kuwa naye aliahidiwa na wachawi wale kwamba uzao wake utatawala. Kimya hicho hakikumfaa kitu.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Macbeth alipotaka kumwondoa Banquo hakwenda mwenyewe. Aliwaita watu waliochoshwa na maisha, akawaambia kwamba dhiki yao yote imeletwa na Banquo. Hakuanza na pesa, alianza na uchungu wao. Ndivyo mtakavyoongeleshwa na nyinyi: mtaambiwa fulani ndiye aliyewanyima kazi, kabila fulani ndilo lililowakalia. Shakespeare hakuwapa watu wale hata majina.

Na sisi tunayo damu yetu. Jumamosi, Julai 5, 1969, mwendo wa miguu tu kutoka hapa Ngara, Tom Mboya alipigwa risasi akitoka duka la dawa kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa waziri, mwenye umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akahukumiwa, akanyongwa mwaka uo huo. Inasimuliwa kwamba alipokamatwa aliuliza mbona hawamwendei yule mkubwa. Hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kufikishwa kortini kwa kifo kile. Kama kweli alikuwapo aliyetuma, deni la damu hiyo liko shingoni mwake, na Kenya ina haki ya kulidai hata leo. Lakini swali lile halikumvua Njenga kitanzi, wala halikuwarudishia watoto wa Mboya baba yao.

Najua njaa ipo. Najua kodi ya chumba haingoji, na noti za siku moja zinavutia. Sikusudii kuwadharau. Ila siku mambo yakiharibika, mheshimiwa atakuwa na wakili na gari lenye vioo vyeusi, nawe utakuwa peke yako kizimbani, na mama yako nje ya korti akiuliza umefanya nini.

Basi mkiitwa kazi ya namna hiyo, kataeni. Na ukijua mwenzako ameitwa, usinyamaze kama Banquo: mfuate usiku huo huo, waambie wazazi wake, mzuie kabla hajapanda pikipiki.