Je, Mkimbizi Anaweza Kumkaribisha Mgeni?



Mara nyingi tunaulizana: sisi tunaokula kwa kadi ya mgao, tuna wajibu gani kwa mtu anayelala nje? Wengine husema hiyo ni kazi ya mashirika. Tusiwalaumu haraka, maana sote tunajua unga unavyoisha kabla ya mwezi.

Lakini tutazame wenzetu wa mbali. Katika jiji la Los Angeles, Marekani, kuna mtaa uitwao Boyle Heights. Wameishi hapo Wayahudi, Wajapani na Wameksiko. Vita vya El Salvador, vya mwaka 1980 hadi 1992, viliwafukuza watu wengi kwao, na baadhi wakafika mtaa huo. Wakati ule serikali ya Marekani iliwapa hifadhi wachache sana. Bila hati, walitafuta vibarua mchana, na usiku wengine hawakuwa na pa kulala.

Kanisa Katoliki la Dolores Mission, parokia ya watu maskini, liliwafungulia mlango. Wanaume wakalala ndani ya kanisa lenyewe. Jumapili waumini wakakuta harufu ya miguu. Wakanung'unika, na wengine wakaenda kusali kwingine. Padri Gregory Boyle, aliyekuwa paroko wao toka 1986 hadi 1992, amesimulia kwamba hakuwakemea. Aliwauliza katika Misa: kanisa linanuka nini, na kwa nini? Wakajibu wenyewe, mpaka wakatambua kwamba harufu ile ilitokana na ahadi waliyoiweka pamoja.

Waumini hao hawakuwa na ziada. Hata mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17) alibakiwa na konzi moja tu ya unga alipomlisha Eliya. Anayengoja ziada hatamkaribisha mtu kamwe. Ila mzigo huo si wa kumwachia mama mmoja mwenye huruma. Kanisa zima likubaliane, lijue na gharama yake.

Nasi tukiri kosa letu. Msimu wa mvua uliopita, wageni wapya walipolala kanisani kwetu, sisi wazee tulihesabu mikeka kabla ya kuwahesabu watoto. Wageni wengine watakuja. Mgao ni wa shirika, lakini mlango huu ni wetu. Tuamue sasa, kabla hawajabisha.