Tangi Lako Utalijenga Wewe

Samaki wa Ziwa Tanganyika wanaogelea sebuleni kwa watu Ujerumani na Marekani. Wewe uliyekulia karibu na ziwa lenyewe unaingia dukani, unaulizia tangi, unasikia bei, unatoka mikono mitupu. Safari hii usikate tamaa. Lijenge mwenyewe, na ulijenge kubwa!

Nenda kwa mafundi wa mabango, maana akriliki, ile ambayo wengi wanaiita pespeksi, iko kwao. Ila usichukue yoyote utakayopewa. Kuna iliyomiminwa katika kalibu na kuna iliyosukumwa mashineni ikatoka bapa. Hii ya pili ni rahisi, lakini mara nyingi hubaki na mkazo ndani yake, na ikiguswa na gundi huweza kuchanika nyufa nyembambanyembamba. Ng'ang'ania ile ya kumimina. Fundi akikuhakikishia kwa mdomo tu, omba kipande cha masalio ukikate kwa msumeno: ya kumimina hutoa chembechembe kavu, na ile nyingine huelekea kuyeyuka na kung'ang'ania meno ya msumeno. Una haki ya kujaribu kabla hujatoa fedha.

Unene usiubahatishe. Chukua tangi la urefu wa sentimita 90, kimo 45 na upana 45. Likijaa hubeba lita 182, yaani kilo 182 za maji, na ubao wa mbele husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 91. Pandisha kimo kifike sentimita 60, urefu ukiwa uleule, na nguvu hiyo inafika kilo 162! Kinachopasua tangi ni kina cha maji. Kwa hiyo tangi lako la kwanza lifanye refu, usilifanye la kwenda juu. Kwa kimo cha 45 mimi nachagua milimita 12, tena na fremu ya juu iliyokatwa katika ubao mmoja, pembe za tundu lake zikiwa za mviringo, kwa sababu ufa hupenda kuanzia kwenye pembe kali.

Sasa gundi, na hapa ndipo wengi wanapoogopa bure. Silikoni ya matangi ya kioo iache, haishiki akriliki vizuri. Supaglu nayo iache. Unachohitaji ni kiyeyusho cha akriliki, kama vile dikloromethani. Hicho hakibandiki: kinalainisha nyuso mbili, zinaingiliana, kisha kinavukiza na kuziacha zimekuwa ubao mmoja. Fikiria nguvu uliyonayo mkononi! Lakini kiyeyusho hakizibi pengo, hivyo kingo ziwe zimenyooka kabisa. Na umwambie fundi asizing'arishe kwa moto. Kwenye bango mng'ao huo unapendeza. Kwenye kiungo cha tangi joto lake linaacha mkazo, na kiyeyusho kikifika hapo ukingo unachanika.

Fanya kazi nje penye upepo, mbali na watoto na jiko, kwa kuwa mvuke wa kiyeyusho una madhara. Weka vipande vya waya mwembamba kati ya kingo, ingiza kiyeyusho kwa sindano ya bomba, nacho kitajivuta chenyewe hadi mwisho wa kiungo. Subiri kidogo, chomoa waya, acha ubao ukae kwa uzito wake. Ukiona mapovu mengi ndani ya kiungo, kata na urudie. Wewe ndiwe mkaguzi, na huna sababu ya kukubali kazi mbovu.

Liache likauke wiki nzima au zaidi. Kisha liweke uani juu ya meza bapa inayobeba kitako chote, ujaze robo, nusu, halafu mpaka juu, ukipitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Kikiendelea kuwa kikavu siku kadhaa, liingize ndani, funga filta, na uanze kuandaa maji ya pH 8 kwenda juu, maana hayo ndiyo wanayoyataka samaki wa Tanganyika.